Mali Bila Daftari: Orodha za Vitabu katika Maktaba za Shule, Mkoa wa Singida

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina harufu ya duka na ghala. Ilisemwa kwa watu waliojua kuwa bidhaa isiyoandikwa huliwa na panya, na mwizi, na usahaulifu, na mwenyewe asijue ni lini alianza kufilisika. Vitabu navyo ni mali, lakini ni mali ya namna ya peke yake, kwa maana hupotea kwa njia mbili. Hupotea vinapoondolewa mahali pake, na hupotea vilevile vinapokuwapo mahali pake bila ya mtu kujua kuwa vipo. Kwa upotevu wa kwanza shule ina daftari la mapokezi, ambamo kila kitabu kinachoingia hupewa namba, tarehe na bei. Kwa upotevu wa pili dawa yake ni orodha ya maktaba: mkusanyo wa kumbukumbu fupi, moja kwa kila kitabu, zinazosema nani alikitunga, kinaitwaje, kilichapwa wapi na mwaka gani, kinahusu nini, na kimewekwa rafu gani. Daftari humjibu mkaguzi. Orodha humjibu mwanafunzi.

Historia ya maktaba za shule katika Mkoa wa Singida yaweza kusomwa kama historia ya maandishi mawili hayo. La kwanza lilitangulia na kuenea, kwa sababu serikali na misheni zote mbili zilipenda kujua mali zao. La pili lilichelewa, na sababu ya kuchelewa kwake haikuwa uvivu wa walimu. Kumbukumbu ya kitabu ni kazi ya ujuzi, na tangu mwanzo ujuzi huo ulikaa mbali: Nairobi, Dar es Salaam, London, Washington. Shule ilipokea vitabu. Mara chache ilipokea pamoja navyo maneno ya kuvitambulishia. Nani aliandika maneno hayo, kwa lugha gani, na ni vitabu vipi vilivyosahauliwa alipokuwa akiandika? Maswali haya huonekana madogo, lakini majibu yake huamua ni sehemu gani ya elimu mtoto wa Singida ataweza kuikuta, na ni sehemu gani italala mbele ya macho yake bila kuamshwa.

Singida ni nchi ya katikati, yenye ukame na msimu mmoja wa mvua, na ukubwa wake hupita kilometa za mraba 49,000. Wenyeji wake wakuu ni Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu, na wako pamoja nao Wagogo upande wa Manyoni, na Wahadzabe wachache upande wa kaskazini. Zamani za utawala wa Waingereza nchi hii ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati, lililotawaliwa kutoka Dodoma. Ikawa mkoa wa peke yake mwaka 1963. Reli ya Kati ilikwisha kupita Manyoni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini mji wa Singida wenyewe, ulio kando ya maziwa ya Singidani na Kindai, u karibu kilometa 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Kila kitabu kilichofika huko kilifika kwa safari, na safari ndefu hufundisha watu kuhesabu vitu kwanza na kuvielewa baadaye.

Elimu ya darasani ililetwa kwa sehemu kubwa na misheni. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walianza kazi Iramba katika miaka ya 1920, na Kinampanda ikawa mahali pa kufundishia walimu. Penye walimu pana vitabu, na penye vitabu pana kabati. Lakini kabati la vitabu vichache halidai orodha. Mwalimu mwenye vitabu 60 huvijua vyote kwa migongo yake, kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake kwa rangi. Kumbukumbu ya maktaba ya namna hiyo imo kichwani mwa mtu mmoja. Hasara yake hudhihirika siku mtu huyo anapohamishwa: kabati hubaki, funguo hubaki, na maarifa ya kabati huondoka pamoja na mwenyewe juu ya gari la mizigo.

Jaribio la kwanza la kuwapa wasomaji wa nchi hizi vitabu kwa utaratibu mmoja lilikuja mwaka 1948, ilipoanzishwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, chini ya Charles Richards. Shirika hilo lilichapa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki, na pamoja na uchapaji liliendesha maktaba za masanduku na maktaba ya posta. Sanduku la vitabu lilikwenda kwenye kituo au shule, likakaa kwa muda, kisha likabadilishwa. Hapana shaka kuwa lilikuwa jambo jema, maana msomaji wa bara alipata kusoma kitabu ambacho asingeweza kukinunua. Lakini sanduku ni mgeni. Vitabu vyake si vya shule, na kumbukumbu zake hukaa kwa mwenye sanduku. Shule iliyopokea masanduku haikuwa na haja ya kujifunza kuandika orodha, na mazoea hayo ya kupokea kitu kilichokwisha kutengenezwa na wengine yakaonekana kuwa ndiyo desturi ya maktaba.

Mwaka 1960 S. W. Hockey alitoa taarifa juu ya maendeleo ya maktaba katika Afrika Mashariki, akashauri kila nchi iwe na huduma yake ya taifa. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, na mwaka 1964 Huduma ya Maktaba ya Tanganyika ikaanza kazi chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Max Broome. Mwaka huohuo wa 1963 chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki kilifunguliwa Makerere, ili wakutubi wafundishwe papa hapa badala ya kusafirishwa Ulaya. Jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, lilifunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Huduma hiyo changa ilichagua njia ya kufanya kazi kwa pamoja: vitabu vilinunuliwa, vikaandikiwa kumbukumbu na kubandikwa namba Dar es Salaam, kisha vikapelekwa matawini vikiwa tayari kwa rafu. Shule nazo ziliwekewa idara ya kuzishauri, kuzisaidia katika uchaguzi wa vitabu, na kuwafundisha walimu waliopewa dhamana ya maktaba.

Ili hekima ya njia hiyo ieleweke, yafaa kutazama kazi yenyewe. Mwandishi wa kumbukumbu hukifungua kitabu penye ukurasa wa jina, wala si penye jalada, maana jalada hupenda kupamba na kufupisha. Huchagua jina la mtunzi litakalotangulia. Hunakili jina la kitabu, mahali kilipochapwa, mchapishaji, mwaka, na idadi ya kurasa. Kisha huja sehemu ngumu, ambayo mkono hauwezi kuifanya bila akili: kuamua kitabu kinahusu nini. Baada ya uamuzi huo hutafuta namba, mara nyingi katika mpango wa Melvil Dewey, uliotolewa kwanza Marekani mwaka 1876 kwa kijitabu chembamba, ambao huigawa elimu yote katika mafungu kumi na kila fungu katika mengine kumi. Zamani za kadi, kumbukumbu hiyo iliandikwa juu ya kadi yenye upana wa kiganja, na kunakiliwa mara kadhaa: kadi ya mtunzi, kadi ya jina la kitabu, kadi moja au mbili za mada, na kadi ya rafu.

Hesabu yake ni rahisi, nayo hutisha. Shule yenye vitabu 400, kila kimoja kikihitaji kadi tano, hudai kadi 2,000. Mwalimu akiandika kadi moja kwa dakika tatu tu, bila kuhesabu muda wa kufikiri, atamaliza kazi kwa saa 100. Na mwalimu huyo ana vipindi vya kufundisha, madaftari ya kusahihisha, na shamba la shule la kusimamia. Nchi tajiri zenyewe zilikimbia mzigo huo. Library of Congress ya Washington ilianza kuuza kadi zilizokwisha kupigwa chapa mwaka 1901, na tangu mwaka 1950 Uingereza ilitoa orodha yake ya taifa, British National Bibliography, ili kitabu kimoja kiandikiwe kumbukumbu mara moja, na maktaba zote zinakili. Ikiwa maktaba za Chicago na Manchester hazikuona aibu kukopa kumbukumbu, shule ya Kiomboi haikuwa na sababu ya kuona aibu.

Lakini mkopo una sharti moja ambalo halikusemwa kwa sauti: hukopwa tu kile ambacho mwingine amekwisha kukiandika. Kwa vitabu vilivyotoka London sharti hilo halikumsumbua mtu. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na vitabu vilivyohitajika vikawa vile ambavyo London haikuvijua. Nchi yenyewe ilianza kujiandikia. Orodha ya vitabu vilivyochapwa Tanzania Bara mwaka 1969 na kuwasilishwa kwa Huduma ya Maktaba ilitolewa, nayo ikawa mwanzo wa orodha ya taifa. Neno lenye uzito hapa ni kuwasilishwa. Kitabu ambacho mchapaji wake alikileta kiliandikwa. Kijitabu cha mtambo mdogo wa misheni au cha halmashauri ya wilaya, ambacho hakuna aliyekumbuka kukipeleka Dar es Salaam, hakikuandikwa, na katika macho ya orodha hakikuzaliwa.

Wakati huo huo jicho jingine lilikuwa likitazama. Mwaka 1966 Library of Congress ilifungua ofisi Nairobi, ya kununua na kukusanya maandishi ya Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 1968 ofisi hiyo ilitoa orodha ya ilivyovipata. Hivyo ilitukia kwamba kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Dar es Salaam kiliweza kuwa na kumbukumbu nzuri Washington, ilhali nakala yake iliyokuwa katika kabati la shule Manyoni haikuwa na kumbukumbu isipokuwa namba ya mapokezi na bei. Hili si jambo la kuwalaumu Wamarekani, waliofanya kazi yao kwa uangalifu. Ni jambo la kuonyesha kuwa kumiliki kitabu na kukijua ni vitu viwili, na kwamba cha pili huweza kutokea mbali sana na cha kwanza.

Miaka ya 1970 ilikuja na kampeni kubwa ya kufuta ujinga, na pamoja nayo maktaba za vijijini, ili waliojifunza kusoma wasisahau. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilifanywa haki ya kila mtoto, na madarasa yakajaa. Watoto wakawa wengi, lakini vitabu havikuongezeka kwa kipimo kile kile. Na katika shida za uchumi za miaka ya 1980 hata karatasi ya madaftari ikawa adimu. Katika hali hiyo orodha ya maktaba iliweza kuonekana anasa. Mtu asiye na nafaka hatafuti ghala. Na ndipo lilipoingia kosa lililodumu: maktaba ya shule ikaanza kuhesabiwa kuwa stoo ya vitabu vya kiada, ambavyo hutolewa Januari na kukusanywa Desemba, na kwa vitabu vya namna hiyo daftari la mapokezi kwa kweli latosha. Nakala 200 za kitabu kimoja hazihitaji fahirisi, zahitaji kufuli.

Ghala lilianza kujazwa tena kidogo kidogo. Chuo cha ukutubi kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1989, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliowasaidia watunzi na wachapishaji wa Kiswahili na kuzipelekea shule vitabu vya hadithi. Tangu mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zilijengwa kila upande wa nchi, na Singida nayo ikapata zake. Misaada ya vitabu kutoka nchi za nje ikaongezeka. Vitabu hivyo vilifika katika masanduku, kama vya zamani, ila kwa tofauti moja: havikurudi. Shule ikajikuta kwa mara ya kwanza ina vitabu mchanganyiko vya kwake mwenyewe, vingi kuliko kichwa cha mwalimu mmoja, na haina mtu aliyekuja navyo kuvieleza.

Vyombo vya kuvieleza vilikuwa vimekwisha kubadilika pia. Katika miaka ya 1960 Library of Congress ilibuni utaratibu uitwao MARC, wa kuiandika kumbukumbu kwa namna ambayo kompyuta huweza kuisoma, na mwaka 1970 ilikubaliwa namba ya kimataifa ya kitabu, ISBN. Mambo haya mawili yaliiua kadi. Washington iliacha kuuza kadi mwaka 1997, na shirika la OCLC, la Ohio, lilipiga chapa kadi zake za mwisho mwaka 2015. Mwaka 2000 maktaba moja ya New Zealand ilianza kutumia programu iitwayo Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, nayo hupatikana bila malipo. Kwa sasa mwalimu mwenye kompyuta, umeme na intaneti huweza kuandika namba ya ISBN, na kumbukumbu iliyotengenezwa London au Washington ikaja mbele yake kabla hajakaa vizuri kitini. Kazi ya saa 100 imekuwa kazi ya siku chache.

Yamkini mtu atasema kuwa basi historia imefika mwisho wake na tatizo limekwisha. Na aweke mezani vitabu vitatu, vya aina ambayo shule yoyote ya Singida huweza kuwa navyo, ajaribu.

Cha kwanza ni kitabu cha fizikia kwa Kiingereza, kilichochapwa Uingereza. Kina ISBN, kumbukumbu yake huja mara moja, nzima, na haina haja ya kuguswa.

Cha pili ni kitabu cha Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kumbukumbu zake zipo nyingi, kwa matoleo mbalimbali. Lakini mwandishi huyu atafutwe kwa herufi gani? Robert lilikuwa jina la baba yake, si jina la ukoo kwa desturi ya Kizungu, na yeye mwenyewe alijiita pia Shaaban bin Robert. Mwandishi wa kumbukumbu anayefuata mazoea ya Ulaya ataligeuza jina, na msomaji aliyemjua mshairi huyo kwa jina la Shaaban tangu utoto hatamkuta mahali pa Shaaban. Mkutano wa wakutubi wa dunia uliofanyika Paris mwaka 1961 uliamua kuwa neno la kutangulia katika jina la mtunzi liamuliwe kwa kadiri iwezekanavyo na desturi ya nchi yake. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima. Nao uliiachia kila nchi wajibu wa kusema desturi yake ni ipi. Anayenakili bila kutazama ameuacha wajibu huo kwa mgeni.

Cha tatu ni kijitabu cha Kinyaturu au cha Kinyiramba: sala, nyimbo, au methali, kilichochapwa zamani, bila ISBN, pengine bila mwaka. Hapa kompyuta hunyamaza. Na mwalimu akiamua kuiandika kumbukumbu yake mwenyewe kwa utaratibu wa MARC, hukutana na pahali pa kutaja lugha kwa herufi tatu. Kiswahili kina swa. Kinyamwezi, cha majirani wa magharibi, kina nym. Kinyaturu na Kinyiramba, katika orodha hiyo ya herufi iliyotumiwa na maktaba kwa miaka mingi, havikupewa herufi zake. Huwekwa katika kapu moja liitwalo bnt, yaani lugha nyingine za Kibantu. Mpango mwingine wa kimataifa, uliotolewa mwaka 2007, uliwapa Wanyaturu rim, kutokana na jina Kirimi, na Wanyiramba nim. Lakini kumbukumbu iliyokopwa ikiwa imeandikwa bnt hubaki bnt mpaka atokee wa kuirekebisha. Mwanafunzi atakayeuliza maktaba ya ulimwengu ina nini kwa lugha ya bibi yake atapewa kapu zima, achague mwenyewe.

Haisemwi hapa kuwa Singida haikuandikwa. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, alitoa mwaka 1964 utafiti wake juu ya sauti na maumbo ya Kirimi. Harold Schneider aliandika juu ya uchumi wa Wanyaturu mwaka 1970, na Marguerite Jellicoe juu ya mageuzi ya maisha yao, katika kitabu kilichochapwa Nairobi mwaka 1978. Vitabu hivi vimo katika orodha za maktaba kubwa za Ulaya na Marekani. Lakini tazama majina: Kirimi kwa mmoja, Kinyaturu kwa mwingine, na wageni wengine wakasema Turu tu. Watu ni wale wale. Majina ni matatu. Na orodha isiyoyaunganisha majina hayo kwa maneno ya elekezo humpa msomaji theluthi moja ya habari, huku akidhani amepata yote. Kuunganisha majina hayo ni kazi ndogo kwa mwalimu mzaliwa wa Ilongero au Ikungi, maana anayajua tangu kuzaliwa. Kwa mtaalamu wa Washington ni kazi ya uchunguzi.

Jambo la lugha halikomei katika majina. Kumbukumbu ikopwayo huja na mada zake kwa Kiingereza, hata kitabu chenyewe kikiwa cha Kiswahili. Singida ni nchi ya nyuki na alizeti. Asali ya Manyoni na Itigi yajulikana, na mafuta ya alizeti ni riziki ya maelfu ya wakulima. Mtoto wa shule ya msingi anayetaka kitabu cha ufugaji wa nyuki atatafuta neno nyuki, na orodha iliyokopwa itamjibu kwa neno asilolijua, yaani haitamjibu. Hapa hekima ya Dewey husaidia mahali ambapo maneno hushindwa, kwa kuwa namba haina kabila. Ufugaji wa nyuki ni 638.1 katika lugha zote, alizeti na mimea mingine ya mafuta ni 633.85, fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na historia ya Tanzania ni 967.8. Mwalimu akiandika kurasa nne tu za fahirisi kwa Kiswahili, nyuki mbele ya 638.1 na alizeti mbele ya 633.85, ametia daraja kati ya kumbukumbu ya mgeni na swali la mwenyeji, na daraja hilo halihitaji umeme.

Hata namba nazo zina upungufu wake, na haifai kuzisujudia. Katika fungu la dini, Dewey aliyapa mambo ya Ukristo sehemu kubwa ya nafasi yote, akauweka Uislamu katika 297, na dini za jadi za Afrika zikapata kipande cha 299.6. Katika madarasa ya Singida, ambamo watoto wa Kiislamu na wa Kikristo hukaa dawati moja na wazee wao huzijua bado ibada za mvua, mgawanyo huo ni ramani ya Marekani ya mwaka 1876 kuliko ramani ya darasa. Shule haina nguvu ya kuibadili ramani hiyo. Lakini mwalimu anayejua kuwa ni ramani, si nchi yenyewe, huweza kuandika fahirisi yake kwa usawa, na kila mtoto akaikuta njia ya kwenda kwenye kitabu chake.

Katika mambo haya yote historia hutoa funzo moja. Kila zama ilipata mtu wa kuibebea shule mzigo: misheni, kisha masanduku ya Nairobi, kisha Dar es Salaam, kisha mashine za mbali. Kila mbebaji alibeba kile alichokijua. Vitabu vya dunia vilibebwa vizuri. Vitabu vya Kiswahili vilibebwa nusu. Maandishi ya Singida yenyewe yaliachwa njiani, si kwa chuki, bali kwa kuwa hakuna aliye mbali anayeweza kukieleza asichokiona. Kwa hiyo mgawanyo wa kazi ufaao ni huu: kumbukumbu inayoweza kukopwa na ikopwe, maana kuiandika upya ni kupoteza saa za mwalimu, na saa zitakazookolewa zitumike kwa ile isiyokopeka. Kumbukumbu hizo hazitakuwa nyingi. Pengine ni vijitabu 20 au 30 katika shule moja, taarifa za wilaya, magazeti ya zamani, tafsiri za misheni, daftari ambamo mwalimu wa kale aliandika methali za wazee. Zikiandikwa ipasavyo, kwa jina la mtunzi kama alivyojiita na kwa jina la lugha kama wenyewe wanavyoiita, zitaweza kukopwa pia na wengine; na kwa mara ya kwanza kumbukumbu itasafiri kutoka Singida kwenda Washington badala ya kutoka Washington kuja Singida.

Mali isiyo na daftari hupotea bila habari, lakini hasara hiyo haimpati kila mwenye mali kwa kipimo kimoja. Kitabu cha fizikia kikipotea Iramba, nakala nyingine ipo, na kumbukumbu yake ipo, na chaweza kununuliwa tena. Kijitabu cha Kinyiramba kilichomo chini ya kabati lile lile, kimelowa pembe moja na hakina jalada, huenda kikawa ndicho cha mwisho. Kadi moja, dakika tatu, na mtu anayejua lugha yake: hicho ndicho kinachohitajiwa ili watu wajue kuwa kilikuwapo.